Tangi la lita 540: niliuze au nibaki nalo? Naomba ushauri wenu

Maji Tulivu

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnisome hadi mwisho ingawa ni ndefu. Jambo hili linanizunguka kichwani mwezi wa tatu sasa na sijapata pa kulitua.

Nina tangi la samaki la kioo sebuleni, sentimita 180 kwa 50 kwa 60, lita 540 likijaa. Tulilianzisha mimi na mwanangu akiwa na miaka 14. Sasa ana 23 na kazi imempeleka mbali. Ndani kuna samaki wa aina tatu: oska mmoja, pleko mmoja wa karibu sentimita 35, yule anayejibandika kwa mdomo na kula mwani, na lochi watano wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeusi. Oska alikuja akiwa na urefu wa kidole gumba. Leo anagonga sentimita 30 na ametimiza miaka 9.

Kila Jumamosi natakiwa kubadili robo ya maji. Hiyo ni lita 135, yaani ndoo saba za lita ishirini kutoka na saba kuingia. Mgongo wangu umeanza kukataa. Zamu za kazini nazo zimebadilika, kwa hiyo kwa miezi miwili nimekuwa nikiruka wiki moja, wakati mwingine mbili. Juzi nilipima nitrati, ule uchafu unaojikusanya majini kutokana na kinyesi cha samaki. Zamani haikuwahi kuvuka miligramu 20 kwa lita, safari hii imesoma 80.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Jana usiku nilikuwa nawalisha, oska akaja juu kama kawaida yake, na chini ya taa nikaona vishimo viwili juu ya jicho lake la kushoto. Ni vidogo, kama vimetobolewa kwa sindano, na kingo zake ni nyeupe. Havikuwepo. Niliketi kwenye kiti mbele ya kioo mpaka saa saba usiku nikimwangalia, naye ananiangalia.

Huyu samaki ananijua. Mgeni akiingia sebuleni anarudi nyuma ya gogo. Nikiingia mimi anakuja kwenye kona ninayosimama siku zote, hata kama sina chakula mkononi. Nikimuuza nitaona nimemtelekeza. Nikibaki naye katika hali hii, ninamuumiza polepole kwa mikono yangu mwenyewe. Niuze? Na samaki wakubwa namna hii nani anawachukua?

Pezi Refu

Dada, pole sana. Kwanza tenganisha mambo mawili uliyoyafunga pamoja. Tangi ni chombo, samaki ni viumbe. Uamuzi wa kimoja si lazima uwe uamuzi wa kingine.

Pili, hesabu miaka. Oska akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 hadi 15, wengine zaidi. Wako yuko uzeeni au anaukaribia. Lochi je? Hao wanavuka miaka 20. Unaposema "nibaki nalo", kwa lochi unasema mpaka mwanao awe na miaka thelathini na kitu. Jiulize kama unaweza kusema hivyo bila kusita. Mimi nilipojiuliza swali hilo ndipo nilipojua.

Vishimo vya kichwani usivisubirishe uamuzi wako. Kwa oska tatizo hilo huenda pamoja na maji machafu na lishe ya aina moja, na mara nyingi kuna vijidudu vya tumboni vinavyotumia nafasi hiyo. Maji kwanza, leo.

Mpira wa Maji

Nakubaliana na Pezi Refu kuhusu maji, ila dada usibadili mengi kwa mkupuo. Samaki waliozoea 80 ukiwatia ghafla kwenye maji mapya kabisa wanaweza kupata mshtuko. Toa robo, pumzika siku moja, toa robo tena. Robo nne zinakushusha kutoka 80 hadi 25 hivi, kama maji yako ya bomba hayana nitrati yake yenyewe.

Na ndoo achana nazo! Hapa nina uchungu kweli, maana nimeona watu wengi wakiuza matangi mazuri kwa sababu ya ndoo. Nunua mpira mrefu wa bustani. Kutoa maji, unaufyonza na kuuelekeza bafuni au kwenye miti, maji yanashuka yenyewe. Kuingiza, unaufunga kwenye bomba au kwenye pampu ndogo ndani ya pipa. Lita 135 ni dakika ishirini umekaa unanywa chai. Ukijaza moja kwa moja kutoka bombani, weka kwanza dawa ya kuondoa klorini ya kutosha tangi zima, lita zote 540, si zile 135 unazoingiza tu. Kuyalaza maji usiku kucha kunatoa klorini ya kawaida. Kama wanaosambaza maji wanatumia kloramini, hiyo hailali ikaondoka, inahitaji dawa.

Fanya hivyo mwezi mmoja halafu ndipo uamue. Uamuzi unaotoka kwenye mgongo unaouma si uamuzi.

Nilichelewa

Mimi nilikuwa na tangi la lita 400 na nililiuza. Naomba nieleze kilichotokea ili asirudie mtu mwingine.

Mnunuzi alikuwa anakuja asubuhi. Usiku nikazima kila kitu nikidhani narahisisha kazi. Chujio langu lilikuwa la nje, lile la mkebe uliofungwa. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati hawakai kwenye maji, wanakaa kwenye sponji na kauri za ndani ya chujio, na wanahitaji oksijeni inayoletwa na maji yanayopita. Maji yakisimama ndani ya mkebe uliofungwa, baada ya saa chache oksijeni imekwisha. Mimi niliuacha hivyo kwa muda wa saa kumi na mbili. Asubuhi mnunuzi alipoufungua, harufu ilikuwa ya mayai yaliyooza.

Alibeba samaki, chujio na tangi vyote siku hiyohiyo, akajaza maji mapya, akawasha. Siku ya nne alinipigia. Samaki walikuwa wanahema juu ya maji, matamvua mekundu. Siku ya saba hakuna aliyebaki. Ilikuwa tangi jipya lenye samaki wakubwa na bila bakteria, na bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga upya. Walikuwa samaki 11. Nilikuwa na majina yao.

Dada, ukiuza, chujio liwe cha mwisho kuzimwa na cha kwanza kuwashwa, na katikati sponji ikae kwenye ndoo ya wazi yenye maji ya tangi, ikipuliziwa hewa.

Kambare wa Zamani

Nami niseme upande wa pili. Nilibaki na tangi langu miaka mitatu baada ya kuchoka, kwa sababu ya aibu tu. Kila nikipita naangalia pembeni. Samaki waliisha mmoja mmoja. Hakuna mtu aliyenilaumu, na ndiyo maana iliendelea. Kuuza kwa mtu mwenye moyo ni utunzaji pia.

Mgeni 77

Samahani kama swali ni la kijinga. Kama hakuna wa kumchukua huyo oska na pleko, kwa nini wasiachiwe tu mtoni au bwawani wakawe huru?

Pezi Refu

Swali si la kijinga, wengi wanafikiri hivyo kwa nia njema. Lakini hapana, na hapana yenyewe ni kubwa.

Samaki aliyelishwa kwa mkono miaka 9 ama atakufa vibaya, ama atapona na kuwa tabu kwa wengine. Pleko wa nyumbani wameachiwa katika maji ya Florida na sasa wamejaa huko, wanachimba mashimo kwenye kingo za mito na mifereji mpaka udongo unabomoka. Gugu maji lililosumbua maziwa ya Afrika lilianza safari yake kutoka Amerika ya Kusini kama ua zuri la bwawani. Mwaka 1984 kipande cha mwani wa tangi, Caulerpa taxifolia, kilionekana baharini chini ya jumba la makumbusho la bahari la Monaco, na baadaye kikatandaza zulia kwenye pwani za Mediterania. Hata mmea na konokono, hata maji ya kubadili yenye mbegu, usimwage mtoni.

Fundi Silikoni

Nimesoma uzi wote. Hakuna aliyegusa kioo, na tangi lina miaka 9, kwa hiyo naingia.

Mama, kabla hujatangaza kuuza na kabla hujaamua kubaki, kagua viungio. Subiri usiku, zima taa zote, chukua tochi uilaze sambamba na kioo, fuata silikoni ya ndani kona hadi kona. Tafuta sehemu iliyoinuka, iliyogeuka kama maziwa, na zaidi ya yote mstari wa kijani chini ya silikoni. Mwani hauwezi kukaa hapo kama silikoni imeshika. Ukiuona, maji yameshapita chini yake. Halafu angalia silikoni iliyo katikati ya kioo na kioo. Hiyo ndiyo inayobeba uzito, ile ya ndani ni kinga tu. Kijani kikiingia hadi hapo katikati, usisubiri.

Uzito nao uufahamu. Maji kilo 540. Kioo cha milimita 12 kwa vipimo ulivyotoa ni kama kilo 110. Ongeza changarawe na stendi, unavuka 700. Sebule ikipata maji hayo usiku wa manane, hakuna atakayeuliza kama ulikuwa umeamua.

Maji Tulivu

Mrejesho wa kwanza. Asanteni wote. Nimesoma kila neno, mengine mara mbili.

Mpira nimenunua. Nimebadili robo mara nne kwa siku nane, mgongo haukuumwa hata kidogo. Mpira wa Maji, Mungu akubariki. Nitrati jana imesoma kati ya 20 na 30. Oska amerudi katikati ya tangi, vishimo havijaongezeka.

Nilichelewa, nimesoma ulichoandika nikalia. Kusema "nilikuwa na majina yao" kumenikaa moyoni.

Nimempigia mwanangu, jambo nililokuwa nikiliogopa kuliko yote. Nilijua atasema usiuze. Alinyamaza, kisha akauliza kama lochi mkubwa bado analala ubavu. Ndiyo, bado. Wale wasiowajua, lochi hawa hulala ubavu chini kama waliokufa, na mara ya kwanza tulipomwona hivyo mwanangu alikimbia kuniita huku analia. Halafu akasema: "Mama, mimi nikija sitakuwa na nafasi ya tangi hilo. Nibakishie gogo." Hakuomba kingine. Gogo tuliliokota pamoja, tukalichemsha, tukaliloweka wiki sita mpaka likazama.

Sasa Fundi. Nilifanya ulivyosema. Kona ya mbele kulia, chini, kuna mstari wa kijani wenye urefu wa kama kidole. Hapo ndipo wembe wangu wa kukwangua mwani hufika na kugeuka. Nimekuwa nikiichana silikoni mwenyewe kila wiki bila kujua. Nimepiga picha ya karibu, nimekutumia.

Fundi Silikoni

Nimeiona. Silikoni ya ndani imeachia, ya katikati ya vioo bado ni safi na nyeusi moja. Tangi halipasuki kesho. Lakini halirekebishiki likiwa na maji, na kiraka juu ya silikoni ya zamani hakishiki. Inakatwa yote ya ndani, kona zote, kioo kinasafishwa, inapigwa upya kwa silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Kisha inaachwa wiki nzima au zaidi, mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Kwa maneno mengine, ubaki nalo au uliuze, samaki lazima watoke. Na ukiliuza bila kumwambia mnunuzi habari ya kona hiyo, hilo mimi siliungi mkono.

Maji Tulivu

Siwezi kuuza bila kusema. Nisingelala.

Kina Kirefu

Dada, nimekuwa msomaji kimya. Tangi langu ni la lita 1,000 na kwa sasa lina dola wa fedha sita tu, samaki wapole wa kuogelea kundi. Naweza kukupokelea wote saba kwa muda wa matengenezo. Sijaongeza samaki mpya kwa miaka miwili, wewe je? Nauliza kwa sababu ya magonjwa.

Maji Tulivu

Miaka minne. Ndugu yangu, sijui niseme nini. Nakubali.

Kina Kirefu

Basi usiwalishe siku mbili kabla, ili wasichafue maji njiani. Nitahamisha mawe na magogo yangu asubuhi hiyo, ili wenyeji na wageni wote waone nyumba ni mpya na asiwepo wa kulinda kona yake. Usitumie wavu kwa pleko, miiba ya mapezi yake inanasa na kuraruka. Wala mfuko kwa lochi, wana mwiba chini ya jicho wanaoufyatua wakiogopa na unatoboa plastiki. Ndoo pana zenye vifuniko kwa wote.

Maji Tulivu

Mrejesho wa pili. Tumehamisha jana.

Lochi walikuwa kazi. Kila mmoja aliingia ndani ya uwazi wa gogo, ikabidi tuliinue gogo zima juu ya ndoo na kusubiri watoke mmoja mmoja, na walipotoka walitoa ule mlio wao, tk, tk, kama kucha juu ya kioo. Pleko alisukumwa taratibu ndani ya beseni. Oska nilimwacha wa mwisho. Nilizamisha beseni kwenye kona yangu ile, nikaweka mkono ndani, akaja akaingia mwenyewe. Alipojua ameinuliwa alilala ubavu, akafumba mapezi, akabaki hivyo safari nzima. Nilikaa kiti cha nyuma nimeshika kifuniko na kila mara nakiinua kuona kama matamvua yanakwenda. Yalikuwa yanakwenda.

Kina Kirefu alichanganya maji kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, karibu saa nzima. Sponji ya chujio langu ilisafiri kwenye ndoo ya wazi yenye maji ya tangi na pampu ya hewa ya betri, na iko ndani ya tangi lake sasa, kando ya chujio lake.

Nyumbani tangi ni tupu. Wanaume wanne wamelitoa nje kwa mikanda. Ile sauti ya maji niliyokuwa nalalamika kuwa inasumbua nikiangalia taarifa ya habari, nimeitafuta usiku kucha.

Mpira wa Maji

Tupo pamoja dada. Nasubiri liwe limerudi sebuleni.

Maji Tulivu

Mrejesho wa tatu, wiki ya sita tangu tuhame.

Silikoni mpya imepigwa. Nilisubiri siku kumi, harufu ya siki ikaisha. Tukaliweka nje juu ya mbao zilizonyooshwa kwa pimamaji, tukalijaza hadi juu, na nikaweka karatasi kavu chini ya kona zote nne. Siku saba. Karatasi zote zilibaki kavu.

Jumapili nilikwenda kwa Kina Kirefu. Nilisimama mbali kwanza. Oska alikuwa katikati ya dola wa fedha, na nilimwona akizunguka tangi zima kwa mwendo mmoja bila kukunja mwili kwenye kona. Kwangu alikuwa hawezi kugeuka bila kujikunja, upana ni sentimita 50 na yeye ni 30. Nilikuwa nimeuzoea mkunjo ule mpaka nikadhani ndivyo anavyoogelea. Nilisogea karibu, vishimo vimejaa nyama, kimoja sikukiona kabisa. Kina Kirefu aliweka mkono juu ya maji na akaja kwake. Nilipoweka wangu alikuja pia.

Nimeumia? Ndiyo, na sitaki kudanganya. Lakini nilimuuliza Kina Kirefu papohapo kama wanaweza kubaki, wote saba, naye alisema alikuwa anaogopa nije kuwachukua.

Mpira wa Maji, ulikuwa sahihi kuhusu ndoo na nakushukuru. Kama kiungio kisingeachia ningebaki nalo, na huenda nisingewahi kuona oska akigeuka vile. Gogo liko barazani linakauka, ninamwekea mwanangu.

Tangi nimeshalitangaza. Nimeandika umri wake, miaka 9, nimeandika kwamba kona ya mbele kulia iliachia na ndani kote kumepigwa silikoni upya, nimeweka picha za kabla na baada. Watu wawili walipiga, wakasikia hilo, wakakata. Wa tatu ni kijana na mdogo wake, walikuja kulipima mara mbili, na swali lao la kwanza lilikuwa sakafu yao itahimili kilo ngapi. Nimewaambia waliweke kando ya ukuta unaobeba nyumba. Wanataka kuanza na samaki wadogo wa kundi na mimea.

Wanalichukua keshokutwa. Kesho jioni naenda kwa Kina Kirefu kuitoa ile sponji, bado ina uhai, nitaileta kwenye ndoo ya wazi na pampu yake ya hewa. Nimewaahidi.

Nilichelewa

Betri za pampu weka mpya, dada. Na uchukue za akiba.